Mapipa Yalikuwapo

Jumapili moja mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyepata chumba Dar es Salaam, na ambaye dalali bado hajamkumbusha ile kodi ya mwezi mmoja inayomhusu yeye dalali. "Shikamoo mjomba. Nimepata, Magomeni. Wamesema nishuke Mapipa." Nikaitikia, nikampongeza. Kisha akauliza, "Mapipa ndo nini?"

Nikamwambia ni kituo.

"Kituo cha mapipa?"

"Cha mabasi."

"Sasa mapipa yako wapi?"

Nilinyamaza kidogo, akadhani mtandao umekatika. "Basi mjomba, usijisumbue. Wamenitumia lokesheni." Akakata.

Sikupenda. Sijui kilichonikera zaidi ni kipi: lile "usijisumbue", au kwamba swali alilolitupa njiani kama ganda la ndizi ndilo swali la kwanza nililouliza mimi katika mji huu, na jibu lake nililisubiri miezi.

Siku zote nimekuwa nikisema nilikuja Dar mwaka 1984. Baada ya simu ile nilifungua sanduku nikaitafuta barua ambayo kaka aliniitia mjini. Imeandikwa Machi 1985. Basi ni 1985. Kwa miaka arobaini nimejiongezea mwaka mmoja wa ukongwe, na sioni sababu ya kuurudisha.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Kaka alikuwa fundi mitambo Urafiki, kiwanda cha nguo, na hakuwa mtu wa kupoteza wino. "Ukishuka Stesheni usimpe mtu sanduku lako. Tembea hadi Mnazi Mmoja. Panda gari la Magomeni, shuka Mapipa, ingia ndani kidogo, uliza kwa Mpemba." Hakuna jina la mtaa, hakuna namba ya nyumba. Kwetu Tabora nako tulielekezana hivyohivyo bila namba, lakini ukiambiwa kata kulia penye mwembe, ukifika unaukuta mwembe.

Nilikuja kwa treni, na sanduku la bati, debe dogo la asali, na nusu ya kuku wa Saranda niliyekuwa nimejizuia kummaliza. Nilishuka Stesheni nikakutana na lile joto la pwani ambalo halikuchomi, linakulowesha tu, kama mtu amekufunika na taulo lililotoka kwenye maji moto. Nikatembea hadi Mnazi Mmoja. Mnazi nilikuwa sijawahi kuuona maishani, kwa hiyo sikuweza kuhakikisha kama ni mmoja.

Mji ulikuwa bado na yale mabasi marefu ya UDA, Ikarus, yanayojikunja katikati kama kinanda cha mkono, yaliyoitwa kumbakumba. Pembeni yake zilikimbia daladala za watu binafsi, zilizoruhusiwa mwaka 1983, nauli shilingi 5, sarafu iliyokuwa ikiitwa dala. Kabla ya hapo, wakongwe walinisimulia, kulikuwa na chai maharage: magari ya wazi yenye mabenchi mawili, abiria mnatazamana magoti kwa magoti kama mko kibandani mnasubiri chai na maharage. Mimi sikuzikuta, ingawa nimeshawaambia watu kadhaa kuwa nilizipanda.

Nilipanda daladala, nikasimama mlangoni, nikawaamkia wote. "Habari zenu jamani." Kwetu huwezi kuingia mahali penye watu kumi na tano ukakaa kimya kama mwizi. Gari zima likanyamaza. Kisha konda akacheka: "Huyu kashuka leo!" Wengine wakafuata kucheka, ila mama mmoja wa dirishani akanionea huruma: "Salama mwanangu, kaa." Pa kukaa hapakuwapo.

Somo la pili lilikuja tulipofika bonde la Msimbazi. Konda alikuwa akiita vituo huku akipiga bodi kwa kiganja. "Jangwani yupo?" Kimya. Gari likapita. "Mapipa yupo?" Nikafikiri anamtafuta mtu anayeitwa Mapipa. Nilipotambua, nikaanza sentensi yangu ya shule: "Samahani ndugu, mimi ninaomba kushuka..." Kabla sijaimaliza tulikuwa Usalama, kituo cha mbele. Nikarudi kwa miguu, sanduku kichwani. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba hapa abiria akitaka kushuka hasemi "mimi nipo". Hupiga kelele "Yupo!", anajitaja kana kwamba ni mtu mwingine, jamaa fulani wa nyuma anayemfahamu kidogo.

Pale Mapipa nilimkuta mama anakaanga mihogo. Nikamuuliza, kwa adabu zote, mapipa yako wapi.

"Hapa ndo Mapipa."

"Mapipa yenyewe, mama."

Akalitazama sanduku langu. "Kwani we unanunua au unauza?"

Kwa Mpemba palikuwa kona, nyumba ya tano au ya sita kutoka barabarani. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, dirisha kubwa limekatwa ukutani, na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu hadi ikang'aa kuliko kitu chochote kilichokuwa kikiuzwa pale. Harufu ya duka lile ningeitambua hata leo nikifungwa macho. Ilianza na mafuta ya taa, kwa sababu pipa lake (nami nililitazama kwa matumaini: pipa moja, si mapipa) lilikaa karibu na mlango. Nyuma ya mafuta ya taa ilikuja sabuni ya mche, halafu dagaa, halafu, mwishoni kabisa, kama mtu anayeongea chini chini chumbani, karafuu. Karafuu hakuziuza. Aliziweka kwenye kopo lisilo na kifuniko, na kila baada ya muda alichukua moja akaitia mdomoni. Nilimuuliza siku moja kama anaumwa jino. Akasema anaumwa kwao.

Kila Mpemba mwenye duka aliitwa Mpemba, na sijawahi kumsikia mtu akimwita huyu kwa jina lake. Alikuwa mwembamba, kofia ya viua, msuli, fulana nyeupe iliyofuliwa mpaka ukaona mwili. Alikuwa na mizani ya mawe na jiwe la robo kilo ambalo wanawake wa mtaani walilituhumu kwa miaka bila ushahidi. Sukari alipoipata aliifunga kwa kurasa za gazeti la Uhuru alizozikunja kwa mkono mmoja zikawa koni. Lakini gazeti alilisoma kwanza, mstari kwa mstari, na kurasa alizigawa kwa hesabu zake. "Usitupe karatasi hiyo," angemwambia mtu, "nyuma yake mna mambo ya mpira." Mtu wa Yanga alipewa ukurasa wa ushindi wa Simba, makusudi. Kaka alikuwa Yanga. Kwetu tulisoma zaidi habari za Simba.

Jioni ya kwanza kaka alinituma sukari. Nikaenda nikasimama kwenye kaunta.

"Sukari nusu."

"Haipo."

Nikarudi mikono mitupu. Kaka akacheka, akachota asali kutoka kwenye debe langu, akajaza kikombe, akaniambia twende. Mpemba alikinusa kikombe kile, akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho. "Ya Tabora hii." Kisha akainama chini ya kaunta akaibuka na koni ya sukari iliyokwisha kufungwa, kana kwamba ilikuwa ikitusubiri. Ndivyo nilivyojifunza maana ya "haipo" katika mji huu wakati ule. Ilikuwa inamaanisha: sikujui. Vitu vilikuwa adimu kweli, msomaji wa umri wangu hahitaji kuelezwa, na mwenye duka hakuweza kumgawia kila aliyepita njia. Kwa hiyo sukari ilikuwa ni habari ya nani ni nani. Alikuwa na daftari la mikopo lenye jalada gumu, na humo hakuandika majina ya watu. Aliandika "Chumba cha nyuma", "Mama Mandazi", "Mrefu wa Bandari". Mwezi wa pili nilipoanza kukopa, nilichungulia nikajiona: "Stesheni". Yaani yule aliyekuja na sanduku. Nikabaki Stesheni kwa karibu miaka kumi. Watoto waliniamkia "Shikamoo kaka Stesheni", na nikaitikia.

Barua za mtaa zilipita kwake pia. Zetu zilifika kazini kwa kaka kwa sanduku la posta la kiwanda, lakini wengi hawakuwa na kiwanda, na Mpemba aliwawekea zao kwenye boksi la chai chini ya mizani. Alihifadhi na funguo. Mtu akisafiri ufunguo kwa Mpemba, mtu akigombana na mkewe ufunguo kwa Mpemba, na hakuwahi kumwambia mmoja mwenzake kapita saa ngapi.

Huyu ndiye niliyemuuliza habari ya mapipa. Nilimvizia alasiri moja pasipo wateja, maana nilikwisha kuchekwa vya kutosha.

"Mzee, mapipa yalikuwa wapi?"

Alikuwa anahesabu sarafu, hakuinua macho. "Yakhe, mapipa yalikuwapo. Uliyekuwa hupo ni wewe."

Basi. Mengine sikuambiwa, na nilikasirika. Lakini siku zilivyokwenda nikaona kwamba jibu lile linatosha kumtembeza mtu Dar es Salaam nzima. Huu ni mji unaokuelekeza kwa vitu usivyoviona. Unaambiwa shuka Mwembechai, unashuka, unatafuta mwembe na mpika chai. Unaambiwa shuka Argentina, huko Manzese. Ukonga kuna Mombasa, na Gongo la Mboto kuna Moshi Bar, kwa hiyo mtu anaweza kutoka Mombasa akafika Moshi kabla uji haujapoa. Kituo cha mafuta chochote, kiwe cha kampuni gani, ni sheli, na Buguruni kuna kituo kinaitwa Sheli bila kutaka maelezo zaidi. Tabata kuna Dampo, na lile dampo la jiji lilikwisha kuondolewa baada ya wakazi kwenda mahakamani; taka zikahama, jina likabaki na watu wanapanga nyumba hapo bila kuona haya. Na Jangwani! Hakuna mahali penye maji kama Jangwani. Kila masika mto Msimbazi unapanda barabarani, gari zinageuzia Faya, na redio inatangaza, bila kucheka, kwamba Jangwani hapapitiki kwa mafuriko.

Wengine wamepata bahati ya kuwa vituo wao wenyewe. Aziz Ali, baba yake Dossa Aziz wa TANU, yupo Mtoni mpaka leo. Konda anamtaja mara mia kwa siku. Remmy Ongala, mwanamuziki aliyekuja kutoka Kongo na kufariki mwaka 2010, yupo Sinza: "Kwa Remmy yupo?" "Yupo!" Sijui kama kuna kaburi lolote nchini linalopata maamkizi ya namna hiyo.

Ningependa kuandika zaidi juu ya mama mwenye nyumba wetu, Mzaramo, aliyegundua mimi ni Mnyamwezi kabla sijatua sanduku na akatangaza uani kwamba mpagazi wake amefika. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na utani wao si wa kupigana mabega tu. Kaka alipofiwa na mtoto, mama yule alikuja msibani akalala chini katikati ya uwanja, akadai jeneza halipiti mpaka alipwe, na watu waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka huku machozi yanatoka. Alilipwa. Fedha akaitia kwenye chakula cha msiba. Nilikuwa nimefika mjini miezi minne, na siku ile ndipo nilipoacha kuhesabu ni lini nitarudi Tabora.

Ukweli ni kwamba baada ya hapo miaka ilipita kama daladala isiyo na abiria wa kushuka. Kumbakumba zilipungua, zikaisha. "Habari zenu" yangu ikawa "mambo", kisha nikazeeka ikarudi kuwa "habari zenu". Mwaka 1995 Mpemba alifunga duka. Mambo ya uchaguzi wa mwaka ule kule visiwani kila mtu anayajua. Alisema tu anakwenda kuangalia mikarafuu ya marehemu babake. Aliniachia lile kopo, tupu, na harufu yake. Daftari aliondoka nalo, pamoja na deni langu la unga ambalo alikataa nililipe. Nadhani alitaka pawepo na kitu cha kudai huku.

Duka likachukuliwa na kijana wa kutoka Kilimanjaro, nasi tukajifunza kusema "kwa Mangi", kama Dar nzima ilivyokuwa inajifunza mtaa baada ya mtaa. Mangi alikuwa na friji, na kwake "haipo" ilimaanisha haipo. Ni maendeleo, sibishi. Baadaye pakawa saluni, baadaye pakawa pa kutoa na kutuma fedha kwa simu. Mimi nilioa, nikanunua kiwanja Mbezi kama kila mtu aliyekuwa na akiba na asiye na akili ya kununua karibu, nikahama. Sensa ya mwaka 1988 ilitukuta watu karibu milioni 1.4 katika mkoa mzima. Ya mwaka 2022 ilituhesabu karibu milioni 5.4, na nina hakika wote huwa mbele yangu kwenye foleni ya Kimara.

Nyumba za Magomeni Kota zikavunjwa, watu wakasubiri miaka, mwaka 2022 wakarudi kwenye maghorofa. Mwaka 2016 yalikuja mabasi ya mwendokasi, na hapo nakiri nilifurahi bila aibu: vituo vilipoandikwa, kwa herufi kubwa za serikali, viliandikwa Magomeni Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera, Argentina. Wahandisi wote wale, na majina wakaenda kuyachukua mdomoni mwa konda. Wanapojaribu kwenda kinyume hawafiki mbali. Barabara za juu za Tazara zimepewa jina la Mfugale, za Ubungo jina la Kijazi, wote watumishi wa umma waliotukuka, na bado hujasikia mtu akisema "nisubiri Mfugale". Nyumba yangu Mbezi ilibandikwa namba mwaka ule wa operesheni ya anwani za makazi. Namba nzuri, kibao kizuri. Bodaboda akinipigia huuliza: "Ni pale kwenye geti jeusi lililokuwa jekundu?" Namwambia ndiyo.

Kwa hiyo lokesheni isingepaswa kunikera, najua. Mtu akipotea usiku inamsaidia. Kinachonikera ni kwamba inakufikisha mlangoni bila kukulazimisha kumuuliza hata mkaanga mihogo mmoja.

Mwezi wa nane nilikwenda kumtembelea mpwa wangu. Alinipokea kituoni, tukapanda bajaji ya kuchangia kuingia ndani, maana mtaa ule sasa una lami na mitaro, na kutembea nyumba sita imekuwa mambo ya kishamba. Sikujua tunakokwenda. Dereva akaita bila kugeuka: "Eksi yupo?"

"Yupo!" akaitikia mpwa wangu, macho kwenye simu.

Nikamuuliza Eksi ndo nini.

"Si hapa."

"Eksi yenyewe."

"Ilikuwa ukutani, mjomba. Ile X nyekundu ya kuvunja. Ilikaa mwaka na nusu, vijana wa bodaboda wakawa wanapaki hapo. Halafu wakavunja ukuta."

"Uliiona?"

"Ningeionea wapi? Mimi si nimekuja juzi."

Nikashuka. Ilinibidi nisimame, nihesabu nyumba kutoka barabarani kwa kidole kama mtoto, kisha nihesabu tena. Ilikuwa kona ileile. Pamejengwa ghorofa tatu zenye fremu chini, vigae vya kuteleza mpaka barazani. Katika fremu ya pembeni kijana mmoja alikuwa anauza maji, soda na vocha. Sikuwa na kiu, lakini nilitaka kusimama pale. Nikaagiza maji, nikatoa noti ya elfu kumi.

"Sina chenji, mzee."

Mpwa wangu akachungulia dirishani. "Ni mjomba wangu huyo."

Chenji ikapatikana chini ya kaunta. Kijana akanihesabia vizuri, noti kwa noti, akanipa na pole ya jua. Kisha, kwa adabu, akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia Mbezi.

"Aa," akasema. "Mgeni."